Weka msasa chini kwanza

Safu ya wiki hii yote ni ya kitu kimoja. Toleo lililopita tuliweka picha ya mwanamke wa mbao aliyekuwa amefungwa kwenye omo, yaani mbele kabisa, ya meli ya tanga, meli ya biashara ya karne ya 19, tukaandika mistari miwili chini ya picha tukajua yameisha. Kumbe ndo kwanza yanaanza. Maswali yamemiminika mpaka nimeamua yale ya simu zinazowahi kuisha chaji yasubiri zamu yao.

SWALI: Shikamoo mzee wa safu. Mimi naishi huku Uingereza, mwezi uliopita nimenunua mnadani sanamu ya mbao ya mwanamke, ananizidi urefu, wakasema alikuwa mbele ya meli ya biashara ya miaka ya 1800. Mkono wa kulia hana, rangi imebabuka, ana ufa kuanzia kidevuni mpaka kifuani. Nimeanza kupiga msasa nitoe rangi yote nione mbao yenyewe halafu nipige vanishi ang'ae, nimeshamaliza bega moja. Mke wangu kaniambia acha, uliza kwanza. Halafu aliyeniuzia hakunipa karatasi yoyote, nitajuaje kama si feki? Na ule mkono niutafute wapi?

JIBU: Marahaba. Weka msasa chini. Sio kesho, sasa hivi, halafu mpe shemeji salamu zangu maana yeye ndo kaiokoa hiyo sanamu na pengine kaokoa na mapafu yako. Rangi za zamani zile, hasa nyeupe, zilikuwa zinatengenezwa kwa madini ya risasi, na ukipiga msasa mkavu unageuza ile sumu kuwa vumbi unalivuta wewe na watoto kama wapo. Futa chumba kwa kitambaa kibichi, usifagie, na hiyo nguo uliyokuwa umevaa usiichanganye na za wengine kwenye kufua.

Sasa tuje kwenye rangi yenyewe. Wewe unaiona uchafu, mimi naiona ndo nusu ya ulichonunua. Hizi sanamu zilikuwa mahali pabaya kuliko sehemu yoyote ya meli, mbele kabisa, zinapigwa na kila wimbi na kila jua, kwa hiyo mabaharia walikuwa wanazipaka upya tena na tena, nyingine zilianza na rangi za kila aina, mashavu mekundu nguo ya buluu, baadaye mwenye meli mwingine akaja akasema pakeni nyeupe tupu, baadaye tena rangi zikarudi. Fundi wa makumbusho akitoa kipande kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti akakiweka kwenye hadubini anaona matabaka yote yamelaliana, na hapo anaweza kukwambia gauni lilianza na rangi gani. Bega lako moja limeshapoteza hiyo habari. Bado una la pili, usiliguse.

Na vanishi achana nayo kabisa. Pale Plymouth kuna makumbusho inaitwa The Box, ilifunguliwa 2020, wametundika sanamu 14 za omo juu ya ukumbi wa kuingilia, hizo ni za meli za kivita, mmoja wao mfalme William wa Nne ana uzito unaopita tani 2. Walipozichukua kuzitengeneza wakakuta baadhi zilishawahi kufunikwa na faibaglasi miaka ya nyuma, watu wa wakati huo walidhani wanazilinda, kumbe maji yalikuwa yameingia ndani na hayana pa kutokea, mbao ikaoza humohumo kwenye ganda. Kwa nje unaona mtu mzima kabisa, kwa ndani ni uji. Ilibidi wapitishe mawimbi ya sauti kwenye mbao kujua wapi pazima wapi pameoza kabla hawajathubutu kukata. Kwa hiyo wewe mweke mahali ambapo joto na unyevu havibadiliki ovyo, mbali na hita na mbali na dirisha la jua. Ule ufa usiuzibe kwa puti, mbao inapumua, leo unafunguka kesho unajibana, ukiuziba utapasukia pembeni.

Feki au sio feki? Kila mtu anaangalia uso. Uso ndo sehemu rahisi kuliko zote kudanganya. Mgeuze. Sanamu ya kweli haikuchongwa isimame sebuleni, ilichongwa ikumbatie ile mbao nene ya mbele inayokata maji, mafundi wa vyombo wanaiita hanamu, kwa hiyo mgongoni unategemea ukute bonde limechimbwa kwa patasi, tena limechimbwa hovyohovyo kwa sababu hakuna mtu angeliona, na matundu ya bolti yamepita humo. Chungulia ndani ya hayo matundu kwa tochi. Kama chuma kilikaa humo miaka 30 na maji ya chumvi, kutu imeingia kwenye nyuzi za mbao, ina weusi uliosambaa wenyewe, haikupakwa kwa brashi. Halafu angalia uzee umekaa wapi. Kwenye meli uso, kifua na magoti ndo vinakula maji na jua, mgongo umejificha, kwa hiyo uzee wa kweli hauko sawa. Ukikuta mtu kazeeka sawasawa kila mahali kama alichovywa kwenye pipa la chai, hapo jishike mfuko. Na matundu ya wadudu, chukua sindano uchomeke taratibu: mdudu anakata kona, drili inaenda moja kwa moja.

Kuna na wa katikati, hawa wanachanganya mpaka wataalamu. Kazi ya kuchonga sanamu za meli ilipoanza kupungua, wachongaji wengi, hasa Marekani, walihamia kuchonga sanamu za kuweka nje ya maduka ya tumbaku na za kwenye mabembea ya watoto yanayozunguka, mikono ileile na patasi zilezile. Kwa hiyo mama wako anaweza akawa wa karne ya 19 kweli, kachongwa na fundi wa meli kweli, na hajawahi kuiona bahari hata siku moja. Mgongo ndo utakwambia.

Kuhusu karatasi, ukishapata jina la meli hata la kukisia kuna mahali pa kuanzia. Vyeti vya usajili wa meli vya Uingereza vya wakati ule vilikuwa vinaandika mpaka omo ina nini, mwanamke, mwanaume, kifua tu bila miguu, au mkunjo tu wa mapambo, yaani ilikuwa ni alama ya utambulisho kama sisi tunavyoandika kovu kwenye kitambulisho. Jina linaweza kuwa limeandikwa kwenye mbao za ubavuni mwa sanamu lakini hizo huwa zimepotea zamani. Mkono nitaurudia mwishoni, usiondoke.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sanaa. Nimeziangalia picha nyingi za hizi sanamu zikiwa makumbusho na zote zinanikera kitu kimoja, zinaangalia dari. Halafu sura zimechongwa kwa nguvu nguvu, macho makubwa, nywele kama kamba. Hivi wale mafundi hawakuwa wanajua au ndo mtindo?

JIBU: Walikuwa wanajua sana, tatizo ni makumbusho, yamezisimamisha wima. Fikiria meli ya tanga ya wakati ule, omo haikuwa imenyooka kama ukuta, ilikuwa imejipinda inaenda mbele na juu, na juu yake unapita ule mlingoti unaolala kuelekea baharini, mlingoti wa maji. Sanamu inakaa chini ya huo mlingoti, mwili umelala mbele kabisa, kifua kimetangulia, miguu imebaki nyuma kama mtu anayetaka kuruka. Sasa kama umelala hivyo na unataka kuangalia upeo wa bahari na sio maji yaliyo chini yako itabidi uinue shingo. Fundi alichonga shingo imeinuliwa. Ukija wewe ukamchukua ukamsimamisha wima ukutani, shingo ileile inamfanya aangalie dari kama anatafuta popo. Ukipata nafasi kaa sakafuni karibu naye, inamisha kichwa mpaka mwili wake uonekane umelala, utaona ghafla anakuangalia.

Na ule ukali wa patasi ni hesabu pia. Mtazamaji wake hakuwa umbali wa hatua mbili, alikuwa kwenye mashua chini au gatini, au kwenye meli nyingine kabisa, na kati yake na uso kuna mwanga unaotoka kwenye maji. Ukichonga kope ndogo ndogo nzuri hazionekani, na rangi ikipakwa mara tatu zinazikwa. Ndo maana macho makubwa, mdomo una kingo, mikunjo ya gauni imechimbwa ndani ipate kivuli, kivuli ndo kinasoma kutoka mbali. Fundi alianza na gogo, au mbao nene kadhaa zilizogundishwa pamoja, akachora mistari, shoka na tezo zikaondoa nyama nyingi, patasi na nyundo ya mbao zikamaliza. Zamani walitumia sana mwaloni, ni mgumu na mzito, mti kama paini ukaja kupendwa kwa sababu ni mwepesi na unachongeka kama siagi, na uzito mbele kabisa ya meli sio jambo la mchezo. Paini unaoza haraka zaidi lakini mwenye meli alikuwa anahesabu safari, hakuwa anahesabu karne.

Kitu kingine angalia sehemu ya chini, wengi hawana miguu, gauni linaishia kwenye mkunjo wa majani unaojiviringa na kuyeyukia kwenye meli. Mi huwa naangalia hapo kwanza kabla ya uso. Fundi mzuri huwezi kuonyesha kwa kidole mtu anaishia wapi na meli inaanzia wapi.

SWALI: Dada zenu tunauliza, mbona ni wanawake tu? Na tena wengine kifua wazi! Halafu ni haohao mabaharia waliokuwa wanasema mwanamke akipanda melini ni mkosi. Wachague moja bwana.

JIBU: Hahaha, dada umewashika pabaya. Ndiyo, maneno hayo mawili yalikuwa yanakaa kwenye midomo ileile, kwamba mwanamke wa nyama na damu ndani ya meli analeta mkosi, na kwamba mwanamke wa mbao kifua wazi mbele ya meli anatuliza bahari. Sijakutana na maelezo yoyote ya kunyoosha hiyo hesabu na sidhani kama mabaharia wenyewe walijali.

Lakini kwamba ni wanawake tu, hapana, hilo linatokana na picha zinazopendwa. Aliyelipa ndo aliyechagua. Mwenye meli akitaka anaweka mke wake, au binti yake, au yeye mwenyewe na kofia yake na ndevu zake. Ukienda Greenwich, London, chini ya meli ya Cutty Sark, ambayo sasa ni makumbusho, utakuta zaidi ya sanamu 80 za meli za biashara zimekusanyika pamoja kama watu kwenye harusi wanaosubiri pilau. Zilikusanywa na mfanyabiashara mmoja wa London, Sydney Cumbers, jamaa alikuwa amefunika jicho moja kwa kitambaa na watu wakamwita Captain Long John Silver, jina la haramia wa kwenye hadithi, mwaka 1953 akazitoa zote kuwakumbuka mabaharia wa meli za biashara waliokufa vitani. Humo yumo Florence Nightingale muuguzi, yumo William Wilberforce aliyepigana na biashara ya watumwa, yumo Hiawatha, shujaa wa wenyeji wa asili wa Marekani. Na sio watu tu. Meli ya Marekani iliyoitwa Sea Witch, ya 1846, ilikuwa inafanya biashara na China, ikawekewa joka la Kichina. Star of India, ambayo bado inaelea San Diego, ilizaliwa 1863 kwa jina la Euterpe, mungu wa muziki wa Wagiriki, ikabadilishiwa jina na mama wa muziki akabaki palepale mbele kama hajaambiwa.

Ila anayenichekesha kuliko wote ni wa Cutty Sark yenyewe. Meli ilishushwa majini 1869 huko Dumbarton, Scotland, na jina lake ni la kishimizi kifupi cha kulalia. Linatoka kwenye shairi la Robert Burns, mlevi mmoja anarudi nyumbani usiku na farasi wake jike, anakuta wachawi wanacheza, mmoja wao kijana anaitwa Nannie amevaa hicho kishimizi, mlevi akashindwa kujizuia akapiga kelele za kumsifia. Wakamkimbiza. Akaponea kwenye daraja la mto kwa sababu wachawi hawawezi kuvuka maji yanayotembea, Nannie akaambulia mkia wa farasi. Kwa hiyo kwenye omo yuko Nannie kanyoosha mkono, na meli ikiwa bandarini mabaharia walikuwa wanamshikisha kamba kuukuu iliyofumuliwa iwe ndo mkia. Sasa nauliza mimi, mchawi asiyeweza kuvuka hata kijito, wakampa aongoze meli kutoka London mpaka China kufuata majani ya chai. Na akafika!

SWALI: Zilikuwa zinasaidia nini hasa? Na kwa nini sikuhizi hazipo?

JIBU: Kuifanya meli itembee hazikusaidia kitu. Ukiitoa meli inatembea vilevile, hata inatembea vizuri zaidi maana umepunguza mzigo mbele. Kazi yake ilikuwa kutambulisha na kujionyesha. Bandarini meli zimebanana omo kwa omo, sio kila mtu anasoma, unamwelekeza mtu nenda mpaka kwenye lile joka halafu la pili yake. Mwenye meli asiyetaka gharama alikuwa anaweka mkunjo tu kama kichwa cha fidla, basi.

Zimeisha kwa sababu ya umbo la meli. Meli za chuma za mvuke zikaja na omo iliyonyooka wima, hakuna ule mlalo wa kumbeba mtu, hakuna mlingoti wa maji juu yake, ukimweka pale anaonekana kama kabandikwa na gundi. Jeshi la maji la Uingereza liliziondoa kwenye meli zake kubwa mwaka 1894. Meli za tanga za biashara zilizobaki ziliendelea nazo mpaka tanga lenyewe likaisha. Na nyingi tulizonazo leo zimebaki kwa ajali. Great Republic, meli kubwa sana ya mjenzi wa meli Donald McKay, ilishushwa majini Boston Oktoba 1853, Desemba ileile ikaungua New York hata safari ya kwanza ya kuvuka bahari haijaenda, kichwa cha tai kilichokuwa mbele kikapona na kipo makumbusho ya Mystic Seaport, Connecticut, Marekani. Visiwa vya Scilly kusini magharibi mwa Uingereza kuna miamba imekula meli nyingi mno, na Augustus Smith, aliyekuwa amekodishiwa visiwa hivyo na kuishi kisiwa cha Tresco, akawa anaokota sanamu zinazotupwa ufukweni anaziweka bustanini kwake, zipo mpaka leo.

SWALI: Tumebishana kijiweni. Mwenzetu mmoja anasema kuna rais wa Marekani alikatwa kichwa kwenye meli. Tumemcheka mpaka basi. Tuamulie.

JIBU: Kamwombeni radhi. Alikatwa wa mbao. Mwaka 1834 meli ya kivita Constitution ilikuwa Boston inatengenezwa, mkubwa wa pale akaamuru iwekewe sanamu ya rais aliyekuwa madarakani, Andrew Jackson, na Boston wakati huo walikuwa hawataki hata kumsikia. Usiku wa tarehe 2 Julai, mvua na radi, nahodha mmoja wa meli za biashara anaitwa Samuel Dewey akapiga kasia peke yake mpaka kwenye omo, akapanda na msumeno, akakata kichwa cha rais huku walinzi wapo, akarudi nacho kwenye mtumbwi. Kilitembezwa kwenye karamu za siri. Baadaye Dewey akakipeleka mwenyewe Washington akakikabidhi kwa waziri wa jeshi la maji, na meli ikawekewa kichwa kingine.

Sasa nirudi kwa ndugu yangu wa msasa na mkono wake. Mkono usiutafute kwanza, angalia bega ulilobakiza kama ndo la upande huo, na omba Mungu sio lile ulilopiga msasa. Mikono iliyonyooshwa mbele ndo ilikuwa ya kwanza kuvunjwa na bahari, kwa hiyo mafundi wengi waliichonga peke yake wakaichomeka, na meli ikitoka bandarini mabaharia wanaichomoa wanaiweka ndani, wakikaribia bandari nyingine wanairudisha mama aingie mjini akiwa mzima. Kama begani kuna tundu la pembe nne, kingo zimenyooka na ndani kuna rangi, huyo hakuvunjika, mkono wake ulichomolewa siku moja na haukurudishwa. Kama ni mpasuko wenye vijiti vijiti, ulivunjika. Nipigie picha tatu, tundu, mgongo, na ndani ya matundu ya bolti kwa tochi. Ya uso usinitumie.